Ngiri na Makalavati ya Mfalme

Nyie, niwape nisiwape?

Tupe!

Midomo mtafunga?

Tutafunga!

Apeni basi. Hata mimi niliapishwa na Kicheche nisimwambie mtu, nikaapa mpaka mate yakanikauka. Kwa hiyo sogeeni karibu, niwaambie.

Hapo kale, kale sana, Mfalme Tembo alitaka barabara ya kwenda mtoni. Kazi akampa mkandarasi Ngiri. Akampa mchoro, akampa na makalavati matatu mazima, yale mabomba mapana ya kupitishia maji. "Hapa kwenye korongo," akasema, "laza haya, maji yapite chini."

Ngiri akalifukia korongo kwa udongo mtupu. Akaukalia ukashikana, akasema kazi imekwisha.

Bondeni, chini ya barabara hiyo, alikaa Bi Kanga, mjane, na mayai yake sita.

Ikanyesha mvua ya kwanza. Maji yakakosa njia, yakamwangukia Bi Kanga, yakachukua jiko. Akapanda kwa Ngiri.

"Mkandarasi, fungua njia ya maji."

"Mama, mimi nafanya kazi ya Mfalme. Kamshitaki Mfalme!"

Ikanyesha mvua ya pili, ikachukua ukuta. Akapanda tena.

"Mkandarasi, nimebaki na kiota tu."

"Masikio huna? Kamshitaki Mfalme!"

Ngiri alicheka peke yake. Nani amshitaki Mfalme, jamani? Nyie mngethubutu?

Ikanyesha mvua ya tatu, maji yakagusa mayai. Bi Kanga akayapakia kwenye ungo, akajitwika, moja kwa moja barazani.

"Mheshimiwa, nimekuja kukushitaki."

Wazee wote walikuwepo, Ngiri naye kakaa. Nyani alikuwa anakula ndizi. Akaimeza na ganda lake.

"Nani kakutuma?" akauliza Tembo.

"Mkandarasi wako, Baba."

Tembo akatikisa masikio, akafikiri. "Sawa. Kama Ngiri alijenga nilivyoagiza, kosa ni langu, na nyumba yako nitaijenga mimi. Kama alijenga kwa akili zake, kosa ni lake, ataijenga yeye. Ngiri, makalavati yapo?"

"Yapo yote matatu, Mheshimiwa, chini kabisa! Niruhusu nitangulie nikafagie, mfike pasafi." Akatoka mbio, mkia juu.

"Toka lini Ngiri akafagia?" akasema Bi Kanga. "Tumfuate sasa hivi!"

Wakaondoka wote, wakubwa kwa wadogo. Wakamkuta korongoni, tope mpaka machoni, anasukuma kalavati kwenye shimo alilolichimba muda huo huo. Mengine mawili yako pembeni, makavu, yamejaa nyasi za kulalia.

Na nyuma yake nani? Mkewe, anafoka, hajaona watu: "We baba watoto! Umeng'oa milango yote mitatu ya nyumba! Tutaingilia wapi?"

Lo! Kicheko kilichopigwa pale, Fisi mwenyewe alisema hakiwezi.

"Endelea, Mkandarasi," akasema Tembo. "Ukimaliza hapo, kuna nyumba ya kujenga."

"Na jiko langu nalitaka pana," akasema Bi Kanga, ungo kichwani, "na mlango utazame jua."

Basi wajukuu, shikeni hili: kazi ya Mfalme si shuka la kujifunika. Aliyefanya kinyume cha alivyoagizwa, lawama ni yake mwenyewe.

Ngano yangu imeiva, nimeipakua. Tamu kuleni, chachu nirudishieni.