Ukuta Uliolia Njaa

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikandika nyumba zao kwa udongo na kubishana na mafundi vile vile kama tunavyobishana nao sisi, aliishi mama mmoja aitwaye Bi Sange. Mnamjua sange, wanangu? Ni yule mnyama mdogo mwepesi, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama kidole. Ukipepesa jicho tu, hayupo.

Bi Sange alikuwa mjane. Mumewe alichukuliwa na kozi, yule ndege mwindaji, akamwachia watoto pacha na nyumba ya chumba kimoja. Ukuta wa nyuma, ule ambao watoto walilala chini yake, ulikuwa na ufa. Kila asubuhi Bi Sange aliupima ufa huo kwa pua yake. Juzi pua iliingia nusu. Leo imeingia yote. Na masika yalikuwa njiani.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akajiambia, akaenda kumwita fundi.

Fundi wa mji ule alikuwa Fisi, mwenye maneno matamu na mikono mizito. Msaidizi wake alikuwa Kiboko, kazi yake kukanyaga udongo, tifu, tifu, tifu, mpaka ulainike.

Fisi aliutazama ukuta, akatikisa kichwa kama daktari.

"Bi Sange, huu si wa kuzibwa. Huu wote chini, nikujengee mpya."

"Mpya kabisa, fundi?"

"Mpya kabisa! Nasimamisha nguzo, nafunga fito pande mbili, katikati najaza mawe na udongo, kisha nakandika ndani na nje. Tembo akiuegemea ukuta wangu, atakayeumia ni tembo!"

Basi wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Bi Sange alikwenda kuziba ufa akajikuta anajenga ukuta vile vile. Mafundi hao!

Siku tatu walifanya kazi, na siku tatu Bi Sange alifukuzwa kwake. "Vumbi litawadhuru watoto, mama. Kakae kwa jirani." Siku ya nne akaitwa. Lo! Ukuta ulikuwa mwekundu, laini, umenyooka. Watoto wakaupapasa kwa vidole na kucheka.

Sasa, mji ule ulikuwa na mila yake. Fundi akimaliza ukuta, huugonga kwa kiganja mara tatu mbele ya mwenye nyumba, na kila akigonga humtaja aliyemfundisha kazi, aje ashuhudie. Fisi akagonga. Ti! Ti! Ti! Ukuta ukaitika kama jiwe. Lakini Fisi hakumtaja mtu.

"Fundi, mbona hukumtaja aliyekufundisha?"

"Ni marehemu," akasema Fisi haraka, akikusanya vifaa vyake. "Marehemu tuwaache wapumzike."

Walipokwenda zao, Bi Sange akaugonga ukuta mwenyewe. Hakugonga alipogonga Fisi, penye nguzo. Aligonga kati ya nguzo na nguzo.

Ngo. Ngo. Ngo.

Akatega sikio. Nje hapakuwa na upepo, hata majani ya mpapai yalikuwa yametulia. Lakini ndani ya ukuta alisikia pumzi ndefu, huuuuu, kama ya mtu anayejigeuza usingizini.

Akaogopa, lakini mama mwenye watoto haogopi akakaa. Alisogeza mtungi wa maji, akachimba kitundu nyuma yake kwa kucha, akapenyeza pua, kisha kichwa, kisha mwili mzima. Mama yangu! Hapakuwa na mawe. Hapakuwa na hata kokoto. Ndani gamba la udongo, nje gamba la udongo, na katikati giza tupu lenye baridi na harufu ya kitu kilichofungiwa miaka, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa wa siku moja. Mvua kubwa moja tu, na gamba lile lingewaangukia watoto wake usingizini.

Alitoka mbio mpaka kwa Fisi.

"Fundi, ukuta wangu ni mtupu!"

"Ala! Ukuta umesimama au umelala?"

"Umesimama."

"Basi. Siku ukilala, niite."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Na ukiendelea kutusumbua, mama, nitakuja niuegemee kidogo."

Bi Sange alirudi nyumbani akilia. Siwafichi, alilia kweli, maana wale walikuwa wakubwa na yeye ni wa kuenea kiganjani. Kisha akawatazama watoto wake chini ya ukuta ule, akapangusa machozi.

"Haya," akasema. "Mmenijengea ukuta wenye tumbo. Mtausikia ukilia njaa."

Kesho yake akatuma salamu kwa mafundi: njooni mle chakula cha kukabidhi nyumba. Watoto akawapeleka kwa jirani. Fisi na Kiboko wakafika saa saba mchana, jua la utosi, saa ile ambayo kuku hunyamaza kivulini na mama zetu hutukataza kupita penye magofu.

"Umekuwa na adabu sasa," Fisi akasema, akivuta sinia la mifupa.

"Kuleni, mafundi wangu. Mimi nafuata maji kisimani mara moja."

Akatoka kwa mlango wa mbele, akarudi kwa mlango wa uani wao wakiwa wameinamia sinia, akapita nyuma ya mtungi, huyo! Ameshaingia ukutani.

Mle ndani palikuwa na baridi kuliko jana. Bi Sange akagonga.

Ngo. Ngo. Ngo.

Kule nje Kiboko akaacha kutafuna. "Fundi, umegonga?"

"Mikono yangu iko kwenye mfupa. Nigonge na nini?"

Bi Sange akaweka pua yake ndefu kwenye udongo, akasema taratibu. Utupu ule ukaichukua sauti yake ndogo, ukaizungusha, ukaitoa kubwa na nzito, hata yeye mwenyewe nywele zikamsimama.

"Niiina njaaa."

Kachu! Bakuli la Kiboko likapasuka sakafuni.

"Nani huyo?" Fisi akauliza.

"Mimi ndiye uliyenikandika. Umenipa ngozi, tumbo hukulijaza. Mawe yangu yako wapi, Fisi?"

"Fundi, tuondoke," Kiboko akanong'ona.

"Tulia!"

"Nijaze mawe," ukasema ukuta. "Usiponijaza mawe, nitajijaza mwenyewe. Naona hapo kuna mnyama mnene."

"Uwiii!" Kiboko akaruka kuelekea mlangoni, akakwama, nusu ndani nusu nje, miguu ya nyuma ikipiga vumbi.

Lakini Fisi ni Fisi, wanangu. Alisimama, akanusa, akanusa tena. Kisha akacheka.

"Njaa, eti! Huyo ni panya. Ngoja niupasue ukuta nimtoe."

Akaliokota jiwe la kusagia la Bi Sange. Hatua zikasikika: moja, mbili. Bi Sange alisikia pumzi ya Fisi upande wa pili wa udongo, karibu na sikio lake kabisa. Jiwe likipigwa pale lingemponda, na watoto wangebaki bila baba wala mama. Alifumba macho, akanyamaza kimya.

Nje pakawa kimya pia. Alisikia kitu kama mnong'ono, maneno mawili matatu ya chini chini. Akadhani ni Kiboko anaomba dua.

Puu! Jiwe likaanguka sakafuni.

"Naleta!" Fisi akapiga ukelele. "Naleta mawe! Leo leo naleta! Nisamehe! Kiboko, toka mlangoni, pumbavu wewe, tupite!"

Akamsukuma kwa kichwa, Kiboko akachomoka, wakakimbilia mtoni wote wawili. Bi Sange akatoka ukutani akicheka. Alipofika uani na kibuyu kikavu kichwani, mafundi walikuwa tayari wanarudi na mawe mgongoni.

"Heh! Kuna nini, mafundi?"

"Tumeamua tu kuongeza mawe kidogo," Fisi akasema bila kumtazama.

Waliupasua ukuta upande wa nje, wakaujaza mawe, wakatomea kila upenyo kwa kokoto na udongo, wakaukandika upya. Mara hii hawakumfukuza mwenye nyumba. Kiboko alikanyaga udongo, tifu, tifu, tifu. Fisi alipanga jiwe juu ya jiwe huku midomo ikimcheza.

"Hapo penye mtungi msipapasue," Bi Sange alisema, kwa kuwa hakutaka kitundu chake kionekane. "Hapo pazuri. Nitapashughulikia mwenyewe."

Walipomaliza, Fisi aligonga kila mahali walipojaza, si penye nguzo tu. Ti! Ti! Ti! Na kila alipogonga alitaja jina, kwa sauti ya chini mno hata Bi Sange hakulisikia.

Masika yakaja. Yalipiga siku saba bila kupumzika. Maji yalishuka ukutani kama kwenye mwamba, na watoto pacha walilala chini yake wakikoroma. Bi Sange aliwatazama, akafurahi hadi akaona uchungu kukosa wa kumsimulia. Mjanja naye ana ugonjwa wake: hila yake asiposifiwa, hapati raha.

Siku ya nane Fisi akapita, amelowa. Bi Sange akamwita kibarazani.

"Fundi, kaa ujikaushe nikuchekeshe. Yule aliyelia njaa ukutani alikuwa mimi!"

Fisi akamtazama sana.

"Wewe?"

"Mimi na pua yangu hii! Ungejaza mawe toka mwanzo, ningekaa wapi?"

Fisi akatabasamu kidogo. "Umenipata, Bi Sange. Nilijua kuna mtu. Nilikuwa na jiwe mkononi kabisa. Lakini jina la mama yangu ulilipata wapi?"

"Jina gani?"

"Usinitanie. Ulisema, 'Ni mimi Mashavu, mwanangu. Ndivyo nilivyokufundisha?' Mji huu hakuna anayelijua jina hilo. Tulimzika mbali, kabla sijahamia huku."

Bi Sange aliacha kucheka. Pua yake ikatulia, na pua ya sange, wanangu, haitulii ovyo.

"Fundi," akasema polepole, "wakati ule mimi nilikuwa nimenyamaza."

Wakatazamana. Mvua ilikuwa imekatika na mji wote ulikuwa kimya. Watoto walikuwa uani wakirukaruka kwenye madimbwi. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Ilitoka nyuma ya mtungi, kwenye kile kitundu alichoahidi kukishughulikia mwenyewe, akawa anasema kesho, kesho.

Bi Sange hakungoja kesho tena. Alishika kokoto, Fisi akashika udongo, wakakitomea kitundu kile, naye Fisi akaugonga ukuta kwa kiganja na kutamka kwa sauti, "Mashavu." Ukuta ukaitika, ti! Na tangu siku hiyo haukusema tena.

Hadithi yangu naiacha hapa mlangoni, nanyi mwingie ndani na neno hili moja: ukuta mtupu haukosi mkaaji.