Kijiko cha Masalu Chenye Meno

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mnataka kuonja?
— Tuonjeshe!

Basi sogeeni. Hapo kale, ndege na watu walipokuwa wakisemezana, alikuwako mchonga mizinga ya nyuki jina lake Masalu. Siku moja akivuka mto, mamba akamkata mkono wa kulia. Masalu akapona, lakini mkono haukurudi.

Kazi aliiweza. Gogo alilibana kwa magoti, akachonga kwa kushoto. Shida ilikuwa kula. Wanaume walikula chungu kimoja, na mkono wa kushoto hautiwi chunguni. Mkewe, Kabula, akawa anamlisha, naye anatafuna ameinamisha uso.

"Mke wangu, basi. Nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Siku ya kwanza akasema hivyo. Ya pili akasema hivyo. Ya tatu mbavu zikahesabika.

Akaenda ziwani, akamkuta Korongo.

"Korongo, huna mkono hata mmoja. Unakulaje?"

"Nachoma, nameza."

Masalu akarudi, akachonga uma. Nyama aliipata, mchuzi ukampita.

Akaenda tena, akamkuta Bata.

"Bata, unakulaje?"

"Nachota, nameza."

Akachonga kijiko. Mchuzi ulikuja, nyama ikateleza, ikamwangukia kaka yake Ndaki mapajani.

Akaona avitumie vyote viwili. Anaweka uma, anaokota kijiko. Anaweka kijiko, anaokota uma. Alipoinua macho, chungu kimekauka!

"Pole, mdogo wangu," Ndaki akasema. "Tulidhani umeshiba."

Masalu akatoka nje, akalia.

Mara ya tatu akamkuta Mwari, yule ndege mkubwa mwenye mfuko chini ya mdomo.

"Mwari, unakulaje?"

"Nachota. Samaki anayeteleza namnasa kwa kulabu hii hapa nchani."

"Kwa mdomo huohuo?"

"Kwani ulitaka nibebe midomo miwili?"

Masalu alirudi mbio. Akachonga kijiko, ncha yake akaipasua meno matatu. Meno yakawa marefu, mchuzi ukavuja. Akachonga kingine. Meno yakawa mafupi, nyama haikunasa. Akachonga cha tatu, meno ya kadiri, na ukingo mmoja akaunoa ukate viazi.

Jioni akaketi na wenzake. Akachota, akachoma, akakata, akachota. Kabula alisimama mlangoni akingoja kuitwa amlishe. Hakuitwa. Akarudi jikoni akicheka peke yake.

Kesho yake akaja jirani yao Holo, amembeba mwanawe.

"Shemeji, nichongee na mimi. Huyu hakubali kuwekwa chini, nami nakula kwa mkono mmoja."

Akaja mchungaji asiyetaka kubeba vitu vingi machungani. Mwisho akaja Ndaki.

"Kaka, wewe una mikono miwili mizima. Cha nini?"

"Nimechoka kushindwa na wewe chunguni!"

Masalu akacheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ya mamba hakuwa amecheka hivyo.

Nami hapo nimefika chini ya chungu, sina cha kupakua. Funzo lake ni hili: chombo kizuri ni kile kinachomwezesha mtu kujilisha mwenyewe, mbele ya wenzake, bila kuonewa huruma. Mimi pia Masalu alinichongea kimoja. Nikaking'ang'aniza kwenye ukoko wa ugali, meno yote matatu yakang'oka. Ndiyo maana mnaniona nanawa mikono kama ninyi.