Kalunguyeye Aliyemwambia Dubu Ukweli Mkavu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wapi?

Pakawa Urusi, theluji hadi magotini!

Huko, wanangu, mzaha husemwa kwa uso mkavu. Anayechekea mzaha wake mwenyewe huitwa mpumbavu, na anayeuliza maana yake ndiye hugeuka kuwa mzaha.

Basi walikuwako Fenya, kalunguyeye mjane, na Gavrila, dubu mwenye tumbo kama ghala. Siku moja wanyama walikuwa wakinywa chai, Gavrila akauliza, "Hujambo, mama Fenya?"

"Sijambo. Leo afadhali kuliko kesho," akajibu Fenya, uso mkavu kama ukuni.

Wote wakatikisa masharubu kimyakimya. Gavrila peke yake akauliza, "Kwani kesho kuna nini?"

Kwa! kwa! kwa! Baraza zima likaangua kicheko. Gavrila akaona aibu, akaapa: "Kuanzia leo, asemaye kwa uso mkavu hanipati. Nitaelewa kinyume chake!"

Baridi ilipokaza, Gavrila akatoka kwenda kupora. Tifu! tifu! tifu! kwenye theluji, mpaka kwa Fenya. Ngo! ngo! ngo!

"Nataka uyoga wako mkavu. Wote!"

Uyoga ule ndio chakula cha wana wa Fenya mpaka theluji iyeyuke. Na ndani mlikuwa na pipa moja na gunia moja tu, hapana pa kuficha kitu. Akakaza uso.

"Karibu, Bwana Gavrila. Uyoga umo kwenye pipa."

Gavrila akamtumbulia macho. Uso mkavu!

"Hee! Hunipati! Na gunia lina nini?"

"Koni za misonobari, za kuwashia moto."

Uso mkavu!

"Hee! Hunipati! Na nikilibeba?"

"Utachoka bure, baba."

"Hee hee hee! Huo nao nimeuelewa!"

Akalitupa gunia begani, chakacha! chakacha! akaenda zake akicheka msitu mzima.

Fenya akafunga mlango, akaketi sakafuni. Kisha akafunua pipa, akawapikia wanawe supu.

Gavrila naye akalifungua gunia pangoni. Akazitazama koni kutwa nzima. Mwisho akatafuna moja, akasema taratibu, "Mzaha huu ni mrefu. Bado sijafika panapochekesha."

Hapo ngano yangu imekaa kitako: aliyeipenda aichukue, asiyeipenda anirudishie. Na funzo lake, wanangu: semeni kweli daima. Kweli haijapata kumdanganya mtu.