Ufunguo wa Meno Saba

Paukwa!

Pakawa!

Nasimulia kama nilivyosimuliwa, sikuongeza wala sikupunguza. Anayetaka kusinzia asinzie sasa, maana mbele hapana pa kusinzia.

Basi, hapo kale katika mji wa Fuaweni palikuwa na fundi wa kufuli aitwaye Ngwali. Alikuwa na mke, Mize, na binti mmoja tu, Mwanaenzi.

Ngwali hakuwa fundi wa kubahatisha. Kufuli zake alizikata kwa tupa, kipande kwa kipande, jicho moja limefumbwa. Aliweza kulipunguza jino la ufunguo kwa unene wa unywele, akapuliza unga wa chuma, akatazama, akapunguza tena. Kazi ikimtoka mkononi ilikwenda kwa Mwanaenzi. Yeye alilisugua kila jino kwa jani la msasa mpaka ling'ae, kisha akalipitishia ncha ya kidole. Baba alikijua chuma kwa macho. Binti alikijua kwa vidole.

Siku moja akaja mgeni mrefu, kilemba kikubwa kichwani, amebeba pande la chuma cheusi.

"Fundi Ngwali," akasema, "chuma hiki hakishiki kutu wala hakivunjiki kikishapoa. Nitengenezee kufuli ambayo hata wewe mwenyewe hutaweza kuifungua bila ufunguo wake. Chuma kitakachobaki ni chako."

Ngwali akaligonga lile pande kwa ukucha. Likalia sauti nyembamba, ikakaa hewani kitambo. Hakuwahi kushika chuma kama kile. Akasahau hata kumtazama mgeni usoni.

Lakini Mize alimtazama. Aliona kilemba cha mgeni kikicheza kwa nyuma, kana kwamba kisogoni mna kitu kinachotafuna.

Mgeni alipoondoka, Mize akauliza, "Huyu anataka kumfungia nani?"

Ngwali akajibu, "Kazi ni kazi."

Mwezi ukapita, chuma kiko motoni. Mize akauliza, "Mume wangu, anataka kumfungia nani?"

"Kazi ni kazi."

Mwezi wa pili ukapita, tupa inalia. Mize akauliza mara ya tatu, "Baba Mwanaenzi, nimekuuliza. Anataka kumfungia nani?"

Ngwali akaweka tupa chini. "Mimi nafunga milango," akasema. "Walio nyuma ya milango hawanihusu."

Basi Mize hakuuliza tena.

Kufuli ikaisha. Ndani yake mlikuwa na vyuma saba vidogo, kila kimoja kinangoja jino lake. Na humo Ngwali aliweka mtego. Ufunguo wa uongo ukiingia, kilimi kimoja kinashuka. Vilimi vilikuwa vitatu. Cha tatu kikishuka, kufuli imekufa, haifunguki tena hata kwa ufunguo wake. Ngwali aliupenda mtego ule kuliko kazi zake zote. Mgeni akaichukua kufuli, ufunguo akautundika shingoni, akaenda zake.

Sasa mjue, mgeni yule alikuwa zimwi, na kilemba kilificha mdomo wa pili. Zimwi lile lilikuwa na pango lenye mlango wa chuma, na humo liliweka watu wa kula. Zamani liliwafunga kwa kamba, wakazitafuna wakakimbia. Likawafunga kwa komeo la mti, wakalivunja wakakimbia. Ndipo likatafuta fundi.

Siku moja Mwanaenzi alikwenda kuchuma majani ya msasa, hakurudi. Asubuhi yake wazazi wake wakakuta tenga lake njiani, na pembeni nyayo kubwa. Wakazifuata mpaka pangoni. Mlangoni ilikuwa inaning'inia kufuli nyeusi. Ngwali aliitambua kabla hajafika karibu.

Zimwi halikuwepo. Kila siku jua likifika utosini lilikwenda kuwinda.

"Mwanaenzi," Ngwali akaita kwenye ufa wa mlango.

"Naam, baba. Tuko watu kumi humu. Likisikia njaa huchukua mmoja."

Ngwali akaipiga kufuli kwa jiwe, haikukwaruzika. Akaipiga kwa nyundo, nyundo ikapasuka mpini. Chuma kilikuwa chuma kweli, na kazi ilikuwa kazi kweli.

"Nitakata ufunguo mwingine," akasema.

"Baba, ngoja nikuambie meno yalivyo. La kwanza ni—"

"Nyamaza, mwanangu. Kazi yangu naijua."

Akarudi kiwandani, akakata ufunguo kama macho yake yalivyokumbuka. Siku ya tatu jua likiwa utosini akautia kwenye kufuli. Uliingia, haukuzunguka. Ndani kitu kikashuka: tak.

"Baba," Mwanaenzi akasema, "ni jino la tano. Chini yake pana mfereji mwembamba. Niliusugua kwa ukucha, maana jani halikuingia. Na lile la—"

Lakini Ngwali alikwisha kuondoka mbio. Akakata ufunguo wa pili, jino la tano akalichimba mfereji. Akarudi, akautia. Uliingia, haukuzunguka. Tak.

Ngwali akaketi chini kizingitini. Akaitazama mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

"Mwanangu, kimebaki kilimi kimoja. Nikikosea tena, nimekuzika."

"Basi leo usikimbie, baba. Kaa unisikilize."

Akakaa. Mwanaenzi akamtajia jino la kwanza, lenye bega upande mmoja. Akamtajia la pili, na la tatu, na la nne, na kila moja Ngwali akalirudia kwa sauti. Alipofika mwisho akasema, "La saba limeinama kidogo, kama mtu mwenye kibiongo. Wewe ulidhani umelinyoosha."

"Nilidhani nimelinyoosha," Ngwali akasema. Kisha akauliza, "Una njaa?"

"Kidogo. Nenda, baba, jua linashuka."

Safari hii Ngwali alifumba macho yote mawili. Mize alivuta mivukuto, na yeye alikata chuma kwa kukipapasa. Alikisugua mwenyewe kwa jani la msasa mpaka ncha za vidole zikatoka damu, na damu akaifuta, akapapasa tena. Siku ya tatu ufunguo ukaisha. Wakaondoka pamoja, yeye na mkewe.

Akautia ufunguo. Ukaingia. Akauzungusha, ukazunguka kama unazunguka ndani ya mafuta.

Mlango ukafunguka, watu wakatoka wakijikinga macho na mwanga. Mize alikuwa akiwahesabu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa saba, wa nane, wa tisa. Akangoja. Akaingia mwenyewe pangoni, akatoka.

Mwanamke mmoja mzee, wa mwisho kutoka, akamshika mkono.

"Leo asubuhi zimwi lilikuta unga wa chuma kizingitini," akasema. "Likauliza nani anachezea kufuli. Tukanyamaza. Likauliza tena, tukanyamaza. Mara ya tatu likasema litatumaliza sote. Binti yenu akasema, ni mimi, nimeikwaruza kupitia ufa wa mlango. Likamchukua yeye."



"Alikuwa ametufundisha meno yote saba," mwanamke yule akaendelea, "ili akichukuliwa yeye, mwingine amwambie baba yake."

Mara wakasikia kishindo cha zimwi linarudi. Wakajificha nyuma ya majabali. Zimwi likaona mlango wazi, likakimbilia ndani kuwatafuta watu wake. Ngwali akausukuma mlango, akafunga kufuli. Kisha akatoa ufunguo wake wa kwanza, ule wa uongo, akautia. Tak. Kilimi cha tatu kikashuka, kufuli ikafa.

Zimwi lilikuwa na ufunguo wa kweli shingoni, lakini tundu lilikuwa nje. Lilipiga mlango siku saba. Siku ya nane likanyamaza.

Mjini wakapiga ngoma. Wale watu tisa walipokewa na jamaa zao, mmoja mmoja, kwa vilio na vigelegele. Wazee wakamshika Ngwali mkono wakamwambia, "Fundi, kufuli yako imelimaliza zimwi." Walimwambia mwaka ule, na mwaka uliofuata, na hawakujua kwa nini kila akiambiwa hivyo huinuka barazani akaenda zake. Tupa aliziacha zikaliwa na kutu.

Mize hakumlaumu hata siku moja. Alimpakulia chakula, akaketi naye, wakala. Ngwali aliomba moyoni alaumiwe, angalau mara moja. Hakulaumiwa. Akazeeka hivyo.

Hadithi yangu imeishia hapo, wala sina namna ya kuirefusha binti yule arudi. Mwenye mkono hodari na aulize kazi yake inakwenda kufanya nini, na anayejua kitu asikilizwe, hata akiwa mtoto wako mwenyewe.