Ufunguo wa Chumba cha Utulivu

Sogeeni. Asiyependa kubishana akae nyuma, maana kisa hiki kina watu watatu na ufunguo mmoja.

Katika mtaa wa Ghalani walikuwapo Tunu, mwenye ulimi; Chande, fundi seremala, mwenye mikono; na Sefu, kaka yake Tunu, mwenye masikio. Sefu alikuwa na usonji. Utotoni alikuwa na darasa lake na mwalimu wake. Alipoota ndevu, vyote vikakoma, kana kwamba usonji ni sare ya shule, mtu akikua anaivua. Tangu hapo, wa nyumbani wakitoka, mlango wa Sefu hufungwa kwa nje. Jambo hilo lilimkaa Tunu kooni kama mwiba wa samaki.

Tunu akaanza. Alikwenda ofisi ya kata kudai mahali ambapo watu wazima wenye usonji wangeshinda mchana, wafanye kazi zao, wapumzike.

"Dada, usonji ni wa watoto," mtendaji akamwambia. "Huyu kaka yako ana ndevu."

"Kumbe ndevu ni dawa, bwana mtendaji? Basi tuwapandikize watoto wote!"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Tunu hakucheka. Alirudi kikao baada ya kikao mpaka wakachoka wao, wakampa stoo ya zamani.

Chande akapokea. Stoo ilikuwa tanuri lenye panya. Akatoboa madirisha, akapiga dari, akaunda meza na viti. Alipoona mlango unajibamiza, akakata soli za kandambili kuukuu, akazigongomea kwenye fremu, ukawa unafunga kama kope.

Sefu akamaliza. Wenzake waliona kazi imekwisha. Yeye alisimama kizingitini, akagoma kuingia.

"Taa inalia," akasema.

Hakuna aliyesikia kitu. Chande akaitoa ile taa ndefu, akaweka balbu.

"Bati linalia."

Wakangoja jua lipande. Kweli, bati likapata joto, likaanza kulia ta! ta! ta! Chande akapanda, akalipigilia upya. Hapo ndipo Sefu alipoingia, akaketi. Nyuma yake akaingia Mwanahawa, jirani yao, mtu mzima mwenye usonji pia, ambaye kwa miaka hakuwa amekaa chumba kimoja na wageni.

Bila ulimi, pangebaki stoo. Bila mikono, pangebaki tanuri. Bila masikio, pangekuwa chumba kizuri cha watu wengine.

Siku ya ufunguzi Tunu akafanya kosa la mtu mwenye furaha: aliita tarumbeta. Ghalani hata mtoto akitoka jandoni hupigiwa tarumbeta. Chumba hiki kingefunguliwaje kimyakimya? Lilipolia la kwanza, Sefu aliziba masikio, akakimbilia ndani, akajifungia kwa ufunguo uliokuwa mlangoni. Mwanahawa akamfuata mbio, akagonga, akagonga tena, akaanguka mlangoni akilia. Sefu hakufungua. Tunu akawanyamazisha wapigaji.

Kimya kiliporudi, mlango ukafunguka. Mtendaji alikuwa keshaona ya kumtosha.

"Ufunguo ni mmoja," akasema. "Atakayeushika ndiye atakayeamua nani aingie na lini. Nipeni jina sasa hivi, la sivyo hii inarudi kuwa stoo."

"Ashike fundi," wakasema wazee. "Kikiharibika kitu, yupo."

"Mimi natengeneza milango, sitengenezi watu," Chande akajibu. "Lakini nikipewa sikatai. Jasho langu limo humu."

"Ashike Tunu," wakasema akina mama. "Asipokuwapo wa kusema, kesho watafanyia harusi humu."

Tunu akawageukia wenzake. Akamtazama Mwanahawa, vumbi magotini. Akamtazama kaka yake, aliyeukaza ufunguo kiganjani.

"Ufunguo ukae kwangu," Sefu akasema. "Nyumbani unakaa nje."

Mtendaji akanyoosha mkono, akimtazama Tunu.

Sasa semeni. Mpeni Tunu, aliyeleta tarumbeta. Mpeni Chande, asiyetaka kutengeneza watu. Mpeni Sefu, aliyemwacha Mwanahawa nje. Na msiniambie zichongwe funguo tatu. Mkono umenyooshwa, na jina linalotakiwa ni moja. Wala msijibu upesi, maana mpaka hapo hakuna hata mmoja aliyemuuliza Mwanahawa.

Je, ungekuwa wewe Tunu, ungetaja jina la nani?