Mgawa Maji Hunywa Mwisho

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyopita, kwamba katika nchi ya milima huko Shamu palikuwa na mji mdogo ambao wasimulizi wamehitalifiana juu ya jina lake, nasi hatuna haja nalo. Mji huo ulikuwa na mitaa miwili na chemchemi moja. Mtaa wa juu walikaa Waislamu na mikomamanga yao. Mtaa wa chini walikaa Wakristo na mizabibu yao. Walinunua chumvi duka moja, walizikana, na walisengenyana pia, kama ilivyo ada ya majirani. Lakini ukuu wa mji ulikuwa wa mtaa wa juu tangu zama za mababu, na mkuu wa mji ndiye aliyeshika lango la mfereji, lenye njia mbili, ya mashamba ya juu na ya mashamba ya chini. Alipoifungua ya chini, maji yalishuka. Alipoifunga, walio chini walibaki kuomba mvua.

Imamu wa mji alikuwa Sheikh Dhakwani, Mungu amrehemu, mtu asiyejulikana kusema uongo hata kwa mzaha. Mkuu wa mji alikuwa mdogo wake, Mundhiri, ambaye mzaha na uongo vyote alivimudu vizuri.

Ukaja mwaka wa ukame. Siku moja watu wa chini waliamka wakaukuta mfereji mkavu, na kwenye kona ya mlima jiwe kubwa limeuziba. Mundhiri akasema, "Jiwe limeporomoka lenyewe. Ni kadari ya Mungu, tufanyeje?" Tazameni, ndugu zangu, mja anavyomsingizia Mola wake! Kwa maana Sheikh Dhakwani, alipotoka alfajiri kutawadha, aliwaona Mundhiri na watu wake wakirudi na mitaimbo mabegani. Akamwamuru aliondoe jiwe lile. Mundhiri akaitikia "labeka, kaka," na jiwe likabaki pale pale.

Mizabibu ikaanza kunyauka. Mzee Sarkisi, kasisi wa mtaa wa chini, akaenda kushitaki kwa Liwali. Liwali akaja, akasikiliza kelele za pande zote mbili mpaka akachoka, kisha akasema, "Ninyi nyote mna cha kupoteza, siwezi kumwamini hata mmoja. Lakini nimesikia habari za Sheikh Dhakwani. Kesho aseme mbele ya watu: jiwe liliporomoka, au lilisukumwa? Kama lilisukumwa, ukuu wa mji na lango la maji vitahamia mtaa wa chini."

Jioni ile Mundhiri akaenda kwa kaka yake, akaketi karibu na magoti yake kama alivyoketi utotoni.

"Kaka, sema tu kwamba jiwe lilianguka. Kuanguka si limeanguka?"

"Limeanguka, mdogo wangu. Lakini halikuanguka peke yake."

"Wakilishika lango, watatulipiza. Miti ya baba itakauka. Damu ni nzito kuliko maji, kaka."

Sheikh akasema, "Ni nzito, wallahi. Lakini Siku ya Hesabu sitaulizwa uzito wa damu. Nitaulizwa maji yalikwenda wapi."

Kesho yake akasimama uwanjani, akasema, "Lilisukumwa. Niliwaona waliotoka kulisukuma, na mkubwa wao ni ndugu yangu, mtoto wa mama yangu." Akalia mbele za watu bila kuficha uso. Liwali akaamuru jiwe liondolewe, akachukua ufunguo wa lango, akamkabidhi Kasisi Sarkisi, akapanda farasi akaenda zake.

Adhuhuri, Sheikh alipogeuka kuweka safu sawa, hapakuwa na safu. Alikuwapo mwadhini tu, na huyo labda kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Bakuli la mkewe, Bi Lubaba, lililokuwa likienda kwa jirani na mchuzi na kurudi na tende, likarudi tupu, halikuoshwa. Watu walisema, "Imamu ametuvua nguo mbele ya wageni." Naye alisubiri, wala hakumjibu mtu, ingawa moyo ulimuuma.

Huko chini nako watu walikuwa wakimsonga kasisi. "Funga, Baba! Nao waonje. Walidhani mkuki ni kwa nguruwe tu?" Mzee Sarkisi akauona ufunguo mkononi mwake, akauogopa, kwa kuwa hata yeye nafsi yake ilikuwa inataka kufunga. Akapanda mlima hadi nyumbani kwa Sheikh.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe umesema kweli ikakugharimu. Nami nimepewa kitu hiki, na naona kitaniharibu kama kilivyomharibu mdogo wako. Nifanye nini?"

Sheikh akamkaribisha mkekani. Bi Lubaba akaleta mtungi. Maji ya nyumba yalikuwa machache siku hizo. Akammiminia mgeni, akammiminia mumewe, naye akanywa yaliyobaki chini, yenye mchanga.

"Mama, mbona umejipa masalia?" kasisi akauliza.

"Mwenye kunywesha watu hunywa mwisho, Baba," akajibu. "Akijitangulizia, nani atauamini mkono wake?"

Wazee wale wawili wakatazamana.

Siku ya pili kasisi akatangaza mbele ya mitaa yote miwili: ukuu wa mji utakuwa wa chini, kama alivyoamuru Liwali, lakini lango litashikwa na mtu wa juu, atakayechaguliwa na watu wa chini. Mwaka ukigeuka, mitaa itabadilishana ukuu na lango. Na yeyote atakayeshika lango, shamba lake litakuwa la mwisho kupata maji.

"Na wa kwanza namtaka Mundhiri," akasema. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Kasisi akatabasamu. "Huyu anajua kila njia ya kuziba mfereji. Nani ataweza kumdanganya?"

Mundhiri akaupokea ufunguo akiwa ameinamisha kichwa.

Kiangazi kikazidi. Akagawa maji, juu na chini, shamba kwa shamba. Zamu yake ilipofika, akafungua lango likatoka tope, kisha tope nalo likakata. Mikomamanga aliyoipanda baba yao ikakauka imesimama.

Sheikh Dhakwani akaenda kumtazama, akihofu atamkuta amejuta kuupokea ufunguo. Akamkuta ameketi kando ya lango.

"Kaka," Mundhiri akasema, "leo mtu wa chini amepita hapa, akaiona miti yangu. Akashuka kutoka kwenye punda wake, akanipa salamu. Nilipokuwa mkuu wa mji hakuna aliyenishukia." Kisha akalia, na kaka yake akalia naye.

Ijumaa ile safu zilijaa, na aliyesimama nyuma ya imamu alikuwa Mundhiri.

Basi ndugu zangu, wale hawakuanza kutawala pamoja kwa kuwa dini zao zilikuwa moja, wala kwa kuwa walipendana sana. Walianza siku mmoja alipokubali kushuhudia dhidi ya damu yake, na mwingine akakubali miti yake ikauke kwa haki. Nawe uliyepewa lango lolote, liwe la nchi au la jiko lako tu, jiulize kabla hujalala: shamba lako ni la ngapi kupata maji?