Sultani Aliyepiga Chafya

Hapo zamani, neno la mfalme lilipokuwa sheria kabla halijatua chini, palikuwa na Sultani jina lake Mahadhi, mpenda usingizi wa mchana. Siku moja wapagazi wawili wakapigana chini ya dirisha lake, naye akaamka kwa hamaki, akanena, "Tangu leo ni marufuku kupiga mjini mwangu. Atakayepiga, kipigwacho kiwe chochote, atiwe gerezani!"

Basi Jemadari Farjala alikuwa mtu wa kulishika neno kama lilivyo. Aliyepiga pasi akafungwa, aliyepiga mswaki akafungwa, ikawa gereza limejaa watu wenye kanzu zilizonyooka na meno meupe.

Ikafika arusi ya binti wa Shaweji, fukara msuka kamba. Mkewe, Bi Mgeni, kwa furaha akapiga vigelegele, papo hapo akachukuliwa. Binti akavua maua, akasema, "Siolewi mama akiwa kifungoni." Shaweji akalia kidogo, kisha akacheka, akaenda kwa jirani kuomba ugoro.

Akaingia kwa Sultani kimyakimya, akasimama wima mbele yake.

"Ewe mjinga! Hukupiga hodi, wala hupigi magoti?"

"Nitapigaje, Bwana wangu, nami naiogopa sheria yako? Nimekuletea ugoro wa bara."

Sultani akavuta puani mvuto mkubwa. Chyaa! Kilemba kikaruka.

"Jemadari," akauliza Shaweji kwa upole, "Bwana wetu amefanya nini?"

Farjala akatokwa na jasho. "Amepiga... chafya."

"Na sheria yasemaje?"

"Kipigwacho kiwe chochote."

"Upuuzi!" akafoka Sultani. "Niondokeeni!"

"Sasa anapiga na kelele," akasema Farjala kwa huzuni, akamshika mkono.

Sultani akautazama mkono ule, akamtazama Shaweji, tumbo likaanza kumtikisika. Akacheka hata akakaa chini. "Kumbe neno hili lina watoto wengi! Nilikataza ngumi, nikafunga mji mzima. Gereza lifunguliwe, na mbiu ipigwe!"

Mpiga mbiu akauliza kwa mbali, "Bwana, niipige kweli?"

"Ipige mpaka ipasuke!"

Shaweji akavikwa joho, na arusi ikafungwa jioni ile ile. Sultani mwenyewe akaketi mkekani akipiga matari, vibaya mno, wala hapana aliyethubutu kumwambia. Bi Mgeni naye akavitoa vigelegele vyote alivyokuwa amezuiliwa, hata mji ukakesha.

Mwenye sikio amesikia, nami ulimi naurudisha mahali pake.